Kuizunguka Tanzania kwa siku 28 ukianzia Mwanza: Anza na kalenda, siyo ramani

Mwanza. Likizo imekubaliwa, akiba kidogo ipo, na kwenye simu umeshahifadhi video za Kilwa, Zanzibar, Kitulo na Ziwa Tanganyika. Unafungua ramani, unachora duara kubwa linaloanzia Mwanza na kurudi Mwanza. Linaonekana jepesi.

Tatizo linakuja siku ya 12. Uko Songea, mgongo unauma, hela imeshuka kuliko ulivyopiga hesabu na bahari bado hujaiona. Hapo ndipo safari ya aina hii hukatika, mtu akaanza kutafuta basi la kumrudisha nyumbani.

Tanzania ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000 na mikoa 31. Huimalizi kwa likizo moja. Ila unaweza kuizunguka, ukaona mengi na ukarudi salama bila deni, ukipanga kwa utaratibu huu: mvua kwanza, siku zifuate, kisha njia, halafu pesa.

Mvua: Nchi moja, kalenda mbili

Mikoa ya Kanda ya Ziwa, kaskazini na pwani ya kaskazini, pamoja na Zanzibar, hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Kuna vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei.

Mikoa ya kati, magharibi, Nyanda za Juu Kusini na kusini hadi Mtwara ina msimu mmoja mrefu, kati ya Novemba na Aprili.

Maana yake kwa msafiri ni hii:

Juni hadi Septemba: Sehemu kubwa ya nchi ni kavu. Hiki ndicho kipindi cha kufanya duara zima. Beba sweta na koti, maana Mbeya, Njombe na Makete baridi ya Juni na Julai siyo ya mchezo.

Januari na Februari: Kaskazini na pwani ya kaskazini mvua hupungua, lakini kusini na magharibi ndiyo imekolea. Likizo yako ikiangukia hapa, nenda Arusha, Moshi, Tanga na Zanzibar. Kusini iache.

Machi hadi Mei: Fanya safari fupi. Usijidanganye kwamba lami inatosha. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na hiyo ni lami.

Kalenda pia inaamua utakachokiona. Hifadhi ya Kitulo inasifika kwa maua, lakini maua hayo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ukienda Julai utakuta nyasi na baridi. Senene wa Bukoba nao wana msimu wao, na Novemba na Desemba ndiyo miezi yao mikubwa.

Siku: 28 siyo 28

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Tuzitumie hizo kama kipimo.

Duara la Mwanza, Kigoma, Mbeya, Songea, Mtwara, Dar es Salaam, Arusha na kurudi Mwanza linazidi kilomita 4,000. Ukienda kilomita 500 kwa siku, ambazo kwa basi ni siku nzima, hizo ni siku nane au tisa za kukaa kwenye kiti tu.

Toa tisa, zinabaki 19. Toa nne za dharura: basi limeharibika, tumbo limevurugika, boti haikutoka. Zinabaki 15.

Siku 15 ni vituo vitano vya siku tatu tatu. Basi. Ukipanga vituo tisa, unapanga kuviona kupitia dirishani.

Kabla ya likizo: Maliza vya nyumbani

Kosa la watu wa Mwanza ni kutumia siku za likizo kwa vitu vilivyo jirani. Hivi vifanye wikiendi, mwezi mmoja au miwili kabla:

Saanane: Hifadhi ya Taifa iliyo ndani ya jiji. Unavuka kwa boti muda mfupi tu na unarudi siku hiyo hiyo.

Bujora: Makumbusho ya Wasukuma yapo Kisesa, kwenye barabara ya Musoma. Daladala zinafika Kisesa.

Ukerewe: Panda kivuko au meli ya kwenda Nansio, lala usiku mmoja, rudi.

Serengeti: Lango la Ndabaka lipo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na Lamadi. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Beba kitambulisho. Kinachouma ni gari, kwa hiyo tafuteni watu watano au sita mchangie.

Bukoba: Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, foleni ya kivuko imebaki historia. Ni daraja la takribani kilomita tatu na unalivuka kwa dakika chache. Sengerema, Geita, Chato na Bukoba sasa zinafikika kwa wikiendi ndefu.

Njia: Vituo vitano

1. Kigoma (siku 3)
Toka Mwanza kupitia Geita, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu. Ukifika, nenda Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hakuna barabara. Unaenda kwa boti tu, kwa hiyo tenga siku nzima. Kula migebuka. Kuhusu meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, usiiweke kwenye ratiba mpaka bandari ikuthibitishie kwamba inasafiri.

2. Mbeya na Rungwe (siku 3)
Kutoka Kigoma shuka Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma hadi Mbeya. Usiilazimishe kwa siku moja. Lala Mpanda au Sumbawanga, na uliza madereva hali ya kipande cha Uvinza hadi Mpanda kabla hujakata tiketi. Rungwe kuna Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira na Ziwa Ngozi lililo ndani ya kreta. Ukitaka ufukwe, Matema ya Ziwa Nyasa ipo Kyela.

3. Mtwara na Kilwa (siku 3)
Mbeya hadi Songea ni siku moja. Songea hadi Mtwara kupitia Tunduru na Masasi ni siku nyingine ndefu. Pita Mikindani, mji wa zamani karibu na Mtwara, kisha panda Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yapo ng'ambo ya maji, safari fupi ya boti.

4. Zanzibar (siku 3)
Kutoka Dar es Salaam boti za kasi hutumia kama saa mbili. Mtanzania hahitaji pasipoti, ila kitambulisho lazima. Anza na Mji Mkongwe, kisha chagua ufukwe mmoja tu, wa kaskazini au wa mashariki.

5. Moshi na Arusha (siku 3)
Kupanda Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895, kunachukua siku tano au zaidi, kwa hiyo siku tatu hazitoshi. Unachoweza ni matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, au maporomoko ya Materuni.

Kurudi Mwanza, njia ya Babati, Singida na Shinyanga ndiyo ya kawaida. Ile ya kukatiza Ngorongoro na Serengeti inaonekana fupi kwenye ramani, lakini ina viingilio vya hifadhi. Uliza gharama yote kabla hujapanda.

Huna siku 28? Kata duara

Kwa wiki mbili chagua upande mmoja.

Upande wa magharibi: Mwanza, Kigoma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Mwanza.

Upande wa mashariki: Basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar es Salaam, Zanzibar, Moshi, Arusha, Singida, Mwanza. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na safari ni chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Kipande cha Mwanza hadi Isaka bado usikihesabu kwenye ratiba yako.

Ukitoka Mbeya kwenda Dar badala ya Songea, kaa dirishani mchana. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na tembo, twiga na swala huonekana ukiwa kwenye kiti chako.

Mabasi: Mchana au usiku?

Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Usiku unaokoa pesa ya gesti. Lakini unafika umechoka, hujaona nchi uliyoisafiria, na kama unashuka saa 9 usiku kwenye mji usioujua, ile pesa uliyookoa unaimaliza kwa bodaboda na chumba cha haraka haraka. Ushauri: usiku usizidi mara mbili kwenye safari nzima, na usiunganishe usiku mbili mfululizo.

Kata tiketi ofisini au kwa mtandao wa kampuni yenyewe, siyo mkononi kwa mpiga debe. Nauli elekezi hutolewa na LATRA, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Mwanza ina stendi ya Nyegezi na ya Nyamhongolo, na ziko mbali. Hakikisha basi lako linatokea ipi, usije ukaachwa kwa sababu ya foleni ya mjini.

Pesa: Mafungu matano, moja halishikwi

Gawa pesa yako kabla hujatoka:

Nauli: Jumlisha kila kipande, na boti pia.

Kulala: Hesabu usiku 27, siyo vituo vitano. Zile usiku za njiani ndizo zinazosahaulika.

Kula: Pima kwa bei ya mama lishe, siyo ya hoteli. Ukila hotelini mara moja moja, iwe ni ziada.

Viingilio na boti: Gombe na Kilwa Kisiwani bei ya boti inategemea mko wangapi. Ukiwa peke yako unabeba gharama yote. Subiri wenzako.

Nauli ya kurudi Mwanza: Hii iweke kwenye laini nyingine au kwa mtu unayemwamini nyumbani. Haishikwi kwa chakula, wala kwa kanga za Zanzibar. Ukibaki nayo hii, popote ulipo hujakwama.

Baada ya kila kituo kaa chini upige hesabu. Ukikuta umetumia zaidi ya nusu ya pesa na hujafika Mtwara, ruka Zanzibar. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko kuomba nauli kwa simu.

Majini: Hapa hakuna kubahatisha

Safari hii ina maziwa matatu makubwa na bahari. Watu wa Mwanza hawahitaji kuhubiriwa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ukerewe, kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. Walikufa zaidi ya 220.

Kwa hiyo: angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuvuka. Usipande chombo ambacho hakina jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na lako livae, usilikalie. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa wakati chombo kimeshajaa, shuka. Ndiyo maana uliweka siku nne za dharura.

Jambo jingine: kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho. Usiogelee wala kuoga kwenye maji yaliyotuama ya ufukweni.

Wiki moja kabla ya kuondoka

Kitambulisho cha NIDA mkononi, na picha yake kwenye simu. Kadi ya bima ya afya kama unayo. Chandarua chepesi au dawa ya mbu. Dawa zako za kila siku za kutosha siku 30. Ramani iliyopakuliwa, maana kuna maeneo bando halisaidii. Laini za mitandao miwili tofauti. Pesa taslimu kidogo, kwa sababu siyo kila kijiji wakala ana salio.

Mwisho, mpe mtu mmoja nyumbani orodha ya vituo vyako na tarehe. Kila ukihama kituo, mtumie ujumbe. Akipitisha siku mbili bila kukusikia, ajue aanzie kuuliza wapi.

Na ukilazimika kukata kituo kimoja, kikate bila kinyongo. Kiandike juu kabisa kwenye orodha ya likizo ijayo, pamoja na mwezi wake.