Siku Nane za Kumngoja Baba



Oktoba 1844, mjini Buffalo, Marekani, mhubiri Charles Fitch alishikwa na homa. Inasimuliwa kwamba alikuwa amebatiza watu ziwani kukiwa na upepo wa baridi, nguo zikimlowea mwilini. Tarehe 14 akalala, akaacha mjane na watoto.

Tunasimuliwa pia kwamba familia yake ilikuwa na uso wa furaha. Kwa nini? Fitch alikuwa pamoja na William Miller, mkulima aliyehesabu zile siku 2,300 za kitabu cha Danieli kuwa miaka. Waumini hao waliamini kwamba Yesu angerudi tarehe 22, mwezi huo huo. Basi kwa mama yule, mumewe alikuwa amesafiri tu. Siku nane, wangeonana.

Tarehe 22 ikafika, watu wakakesha. Usiku wa manane ukapita. Mmoja wao, Hiram Edson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukapambazuka. Kesho yake wengine walirudi shambani. Mama Fitch alirudi kwa nani?

Wapendwa, mimi simcheki. Mtu aliyefiwa akipewa tarehe ya kumwona mpendwa wake ataishika kwa mikono miwili. Ndiyo maana mafundisho ya tarehe ni hatari: yanamshika mtu penye kidonda. Na hamu ya kukutana na Bwana ikiangukia mikono mibaya, inaua. Hapa kwetu Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, wengi wakielezwa kuwa walifunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Kanisa la Thesalonike nalo lilifiwa likiwa linangoja. Paulo, karibu mwaka 50, hakuwakataza kulia. Aliwakataza kulia kama watu wasio na tumaini. Aliwahakikishia kwamba waliolala katika Kristo watafufuka kwanza. Ahadi aliwapa, tarehe hakuwapa. Soma 1 Wathesalonike 4:13 hadi 5:2.

Kwa hiyo wewe uliyemzika mzazi, mume au mtoto, lia. Kisha amka ulime shamba, ulipe karo ya watoto aliowaacha. Bwana akija leo, akukute kazini. Akikawia, mpendwa wako aliyelala katika Kristo bado yuko salama mikononi mwake.

Amina.