Orchestra Super Matimila: Historia Fupi ya Bendi Iliyoongozwa na Mpiga Ngoma

Vijana wa bendi hapa Kirungu wameniomba niwaandikie haraka haraka historia ya Super Matimila, isomwe siku watakayomkumbuka Mzee Remmy Ongala. Nitaandika, lakini nitamke mapema kwamba nitaelemea upande mmoja. Mimi ni mpiga dramu, uzee umenikuta kwenye kiti cha dramu, na wapiga gitaa wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Ukimtaja Remmy, watu watakwambia gitaa, nywele, na ile sauti yake ya kukwaruza. Ni wachache wanaojua kwamba alipoingia katika bendi kwa mara ya kwanza alikuwa akiimba na kupiga ngoma.

Alizaliwa Kindu, Maniema, ukingoni mwa mto Lualaba, mwaka 1947, akaitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Watu wa Kindu na sisi wa jimbo la Tanganyika, hukuhuku Kongo, ni ndugu wa reli moja. Treni ya Kindu ilishuka Kongolo na Kabalo mpaka Kalemie. Kalemie ulipanda meli kwenda Kigoma. Kigoma ulipanda treni nyingine mpaka Dar es Salaam. Kabla mtoto huyo hajazaliwa, njia ya kumfikisha kwenye jina lake ilikuwa imekwisha kutandikwa vyuma, ingawa yeye hakuwa mtu wa njia fupi, na tutaona alivyozunguka.

Habari za kuzaliwa kwake alikuwa akizisimulia mwenyewe. Mama yake alikuwa amekwisha kuzika watoto kabla yake. Mimba hii ilipoingia akaenda kwa mganga, naye mganga akampa masharti: asijifungulie hospitali, akajifungulie porini, na mtoto akizaliwa asinyolewe. Mtoto akaja duniani na meno mawili ya mbele. Wazee wakasema huyu ni mganga aliyezaliwa, na kutoka hapo ndipo lilipopatikana lile jina la Dokta ambalo baadaye wazungu walidhani ni mbwembwe za jukwaani. Nywele hazikuguswa miaka na miaka. Wanaodhani aliziiga kwa warasta wa Jamaika wajue kwamba yeye alizaliwa nazo kwa amri ya mganga, mwaka ambao Bob Marley alikuwa mtoto wa miaka miwili.

Baba yake alikuwa mwimbaji, mpiga ngoma na mpiga sanza. Hapo ndipo ninapotaka vijana wasimame kidogo. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya ngoma husikia wimbo kutoka chini kwenda juu: kwanza mguu, kisha mkono, maneno yanakuja mwisho. Mzee huyo alifariki mwanawe akiwa bado mdogo, na mama naye hakukaa sana. Kijana akabaki yatima na wadogo zake, na cha kumlisha kilikuwa kile alichokiona kwa baba.

Mwaka 1964 tunamkuta katika bendi ya vijana iliyoitwa Bantu Success, akiimba na kupiga ngoma. Huo haukuwa mwaka mzuri upande wetu. Waasi wa Simba waliingia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwezi Juni, na mwezi Julai wakaingia Kindu. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameambiwa na wazazi wao. Hapa si mahali pake. Niseme tu kwamba vijana wale walipiga muziki wakati ambapo kuufikisha usiku tu ilikuwa kazi.

Dramu zenyewe, nazizungumzia zile za kizungu zenye kanyagio, hazikuwa na siku nyingi katika muziki wetu. Bendi za Kongo za zamani zilitegemea tumba. Lakini bendi ya African Jazz ya Kabasele ilipokwenda Brussels Januari 1960, wakati wanasiasa wakijadili uhuru wa nchi, mmoja wa waliopanda ndege alikuwa Petit Pierre, mpiga ngoma. Kila mtoto wa Kongo anajua kwamba safari ile ilizaa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Wachache wanajua jina la aliyekuwa nyuma akiushika wimbo usianguke. Ndiyo maisha ya kazi yetu.

Kwa miaka zaidi ya kumi Remmy alitangatanga, na katikati ya kutangatanga huko akajifundisha gitaa mwenyewe. Alipitia Success Muachana, akapitia Grand Mickey Jazz, akazunguka mashariki ya Kongo na Uganda, akilala kwenye hoteli alimopigia. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, akamwita Dar es Salaam. Makassy naye alikuwa Mkongo aliyewahi kupiga Kampala kabla ya kuhamia Tanzania, na Orchestra Makassy ilikuwa bendi ya watu wanaojua kuvaa. Mpwa akaingia na nywele zake na sura yake, sura ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiitania hadi akajiita Sura Mbaya. Ni huko kwa mjomba alikotunga wimbo wa Siku ya Kufa, na mji ukaanza kumuuliza ni nani.

Dar ya wakati huo ilikuwa imejaa bendi. Juwata ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na mtindo wake Msondo. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park ilikuwa na Sikinde. Maquis walikuwa wametoka kwetu Katanga, mtindo wao Kamanyola bila jasho, na Ndala Kasheba alikuwa akilichezea gitaa la nyuzi 12 katika Safari Sound. Kila bendi ilikuwa na mtindo, na kila mtindo ulikuwa na mashabiki ambao hawasalimiani Jumatatu. Mwanamuziki asiye na vyombo vyake alikuwa kama mkulima asiye na shamba, na vyombo vilikuwa vya shirika, vya chama au vya mfanyabiashara.

Makassy ilipoamua kuhamia Nairobi, ambako mwaka 1982 Virgin walitoa albamu yao ya Agwaya, Remmy alibaki Dar. Mjomba na mpwa wanaweza kuachana njia bila kuachana undugu, nami sitaingia zaidi ya hapo. Mwaka 1981 akajiunga na Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji na ambayo vyombo vyake vilikuwa vya mfanyabiashara. Kati ya wapigaji na mwenye vyombo hapakukosa maneno, kama ilivyo katika kila bendi. Yalikwisha, jina likaongezewa Super, na tangu hapo ikawa bendi ya Remmy.

Hii ndiyo miaka ninayoipenda. Magitaa yaliingiliana, hili likiuliza na lile likijibu; besi ilitembea chini yao; dramu na tumba zilikaa pamoja bila kugombania nafasi. Remmy hakuwapeleka watu kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha, mapema. Aliwasimamisha kwanza, akawahubiria habari za mnyonge, mjane, maskini, marehemu, na dramu ikawa inamsubiri. Vijana, hapo ndipo penye ujuzi. Kumpigia mtu anayehubiri ni kugumu kuliko kumpigia anayechezesha. Mguu unashuka kwa upole, fimbo inagonga ukingo wa dramu ndogo badala ya ngozi, na hakuna kupamba. Ukipamba, maneno yanapotea. Yeye mwenyewe aliita muziki wake wa ubongo, na mpiga dramu asiye na ubongo aliusikia mpaka mwisho wa wimbo bila kujua aliharibu wapi.

Sisi huku Kirungu, juu ya Moba, tulizisikia nyimbo hizo kupitia redio ya ng'ambo, usiku, ziwa likiwa limetulia. Tulijifunza kwa vyombo vya kujitengenezea. Dramu kubwa ilikuwa pipa la mafuta lililokatwa, likafungwa ngozi ya mbuzi. Kanyagio lilirudishwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Sahani zilikuwa vifuniko viwili vya sufuria. Tatizo lilikuwa baridi ya milima ya Marungu. Ikifika saa sita usiku ngozi inalegea, na badala ya kutoa mlio inatoa pumzi. Basi tulikuwa tunawasha makaratasi nyuma ya jukwaa, tunaizungusha ngoma juu ya moto mpaka ngozi ikaze, huku gitaa likiendelea peke yake kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Kuna watu hapa Kirungu ambao mpaka leo wanaamini wimbo wa Karola una sehemu ndefu ya gitaa bila dramu.

Mwaka 1988 milango ya Ulaya ikafunguka. Tamasha la WOMAD la Uingereza likawachukua Super Matimila, na mwaka huohuo ikatoka albamu ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu ya Songs for the Poor Man, ambayo ndani yake zimo Kifo, Karola, Kipenda Roho, Sauti ya Mnyonge na Muziki Asili Yake Wapi. Mwaka 1992 ikafuata Mambo. Mtoto yatima wa Kindu akawa anapiga kwenye viwanja vya wazungu kwa Kiswahili, na wazungu wakacheza bila kujua kwamba wanachezea msiba.

Kati ya safari hizo ilikuja Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza familia. Redio ya taifa haikuupenda, haukupigwa hewani. Watu waliupata kwenye kaseti na kwenye kumbi, na kila mtu aliujua. Bendi haikugombana na redio, iliendelea kupiga.

Kuanzia hapo naandika kwa mkato. Nyimbo za siasa ziliendelea, ukiwemo Mrema, uliopewa jina la Augustine Mrema, waziri aliyevuma siku hizo. Safari za nje zikapungua, muziki wa vijana ukachukua redio, na kumbi nyingi za dansi Dar zikabaki na wazee. Mzee Remmy akapata kiharusi. Akaokoka, akaelekeza sauti yake kwenye nyimbo za injili, na nywele zilizokatazwa kunyolewa tangu kuzaliwa zikaondoka. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mwanawe Kally aliuchagua mpira, akacheza na baadaye akafundisha Azam FC. Kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy, na makondakta wanalitaja jina hilo kutwa nzima, wengi wao wakiwa hawajawahi kumsikia akiimba.

Shukrani ziwafikie mafundi mitambo wa Radio Tanzania waliozirekodi bendi za enzi zile kwenye kanda, wauza kaseti wa Kigoma waliotuvushia nakala, na wapiga dramu na tumba wote wa Super Matimila, ambao kwenye majalada majina yao yameandikwa kwa herufi ndogo. Kwa vijana wa hapa: siku hiyo tutaanza na Kifo, tutamaliza na Kipenda Roho. Asiyeijua Karola vizuri aje kwangu Jumamosi asubuhi, na fimbo zake mwenyewe, kwa sababu zangu siazimishi.