Hesabu za Misafara ya Unyanyembe

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilizopita Unyanyembe, nchi ya pande za Tabora, zilibebwa na wapagazi, nao matajiri wa msafara, wasioweza kufungua marobota yote kila kambi ili kuyapima upya, waliutatua mushkili huo kwa hila hii: mzigo ulikadiriwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, basi aliyehesabu wapagazi alikwisha kujua uzito wa mali. Nguo nayo ilikuwa na kipimo chake, mikono minne shuka, shuka mbili doti. Shanga ndizo zilizowatia wasiwasi, maana rangi iliyotakiwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na hapo hesabu haikufaa kitu. Iliwapasa kuwauliza waliotoka huko.