Kalamu Nyekundu Ilikotoka

Nimesoma miswada ya watu hapa Dar es Salaam muda mrefu, na lalamiko ninalolisikia mno kwa waandishi vijana ni moja. Mswada umerudi na wino mwekundu kila ukurasa, nukta na herufi kubwa zimerekebishwa, lakini hakuna aliyesema kama hadithi inasomeka. Tabia hiyo ina historia.

Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Miaka miwili nyuma, mkutano wa Mombasa ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kamati ilipewa majukumu kadhaa, na mawili yanahusu mswada: kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao, na kusahihisha Kiswahili cha vitabu kabla havijachapwa. La kwanza ni jambo jema sana. La pili ndilo lililotawala. Idhini ya Kamati kwa kitabu ilitazama lugha, na miaka ile ya mwanzo waliokaa mezani walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu. Mtu wa Lamu au Mvita aliyeandika kama alivyosema mama yake alihesabiwa amekosea. Hilo linaniuma hadi leo, ingawa nakiri kwamba bila usanifu ule mtoto wa Kigoma na wa Malindi wasingesoma kitabu kimoja.

Pwani ilikuwa na namna yake kabla ya hapo. Shairi lilikwenda kwa watu likiwa bado la moto, likaghaniwa, na aliyeona kasoro alilijibu kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana hivyo na washairi wa Lamu karne ya 19. Kuanzia 1923 gazeti la *Mambo Leo* likawapa washairi wa bara na pwani uwanja wa kusomana na kujibizana. Anayekujibu kwa shairi hawezi kuishia kwenye tahajia; lazima ashike hoja yako, aipime, aonyeshe ilipolegea. Huo ndio uhakiki ninaoutamani kwenye riwaya zetu.

Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, Nairobi, chini ya Charles Richards, na milango ya uchapaji ikapanuka. *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* cha Kaluta Amri Abedi kilitoka huko 1954. Kamati nayo ilihamahama, Nairobi, Makerere, Mombasa, ikarudi Dar es Salaam na mwaka 1964 ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ilipoundwa 1967, ithibati ya lugha ya vitabu ikawa kazi yake, na inaifanya vizuri. Ila ithibati ya lugha si maoni juu ya hadithi, na sisi wasomaji wa miswada tumeyachanganya mawili hayo kwa vizazi.

Basi ndugu msomaji, mwenzako akikupa mswada wake, weka kalamu chini kwanza. Usome mpaka mwisho, kisha umwandikie ni wapi ulichoka, mhusika gani hukumwamini, na sura ipi ulitaka iendelee. Tahajia mtaishughulikia baadaye.