Kutafuta Asili

Msomaji, asili ya mtu hutafutwa kwa maandishi na kwa masimulizi. Mtazame Barack Obama, Rais wa Marekani toka 2009 hata 2017. Upande wa mamaye, vitabu vya kanisa vilimwonyesha babu wa kale, Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa Moneygall, Ayalandi, aliyevuka bahari mwaka 1850. Upande wa babaye, nasaba ilitunzwa vinywani mwa wazee wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Karatasi zilikuwa chache, kama kile kitabu kidogo cha utumishi cha babu yake Onyango. Lakini karatasi huliwa na mchwa, na wazee hufa. Basi, kijana wa Migori na Homa Bay, keti leo na nyanya yako, umwulize majina, uyaandike.