The Last Jedi: Filamu iliyowagawa mashabiki na mwigizaji wa Nairobi aliyesahauliwa ndani yake

Desemba 2027 itakapowadia, The Last Jedi, sehemu ya 8 katika mfululizo mkuu wa filamu za Star Wars, itakuwa imetimiza miaka 10 tangu ianze kuonyeshwa, na kwa muda wote huo haijaacha kuwagawa watazamaji. Ni filamu ya bunilizi ya kisayansi, yaani utanzu unaojenga visa vya kubuni juu ya teknolojia na safari za anga za juu, na ni filamu ya mwendelezo, kwa maana kwamba inaanzia pale ilipoishia The Force Awakens ya mwaka 2015. Nairobi haitajwi sana katika maandishi kuhusu mzozo huo, ilhali mmoja wa waigizaji wake, Lupita Nyong'o, alilelewa kwa shule na jukwaa la jiji hilo, na namna alivyotumiwa inafichua udhaifu ambao kelele za mashabiki ziliufunika.

Mfululizo huo ulianzishwa na George Lucas mwaka 1977, ukauzwa kwa kampuni ya Disney mwaka 2012, na ukafufuliwa na mwongozaji J.J. Abrams kabla ya Rian Johnson kukabidhiwa uandishi na uongozaji wa sehemu ya 8.

Kiini cha ugomvi kilikuwa Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza, ambaye Johnson alimwonyesha kama mzee aliyekata tamaa, aliyejitenga kisiwani baada ya kumpoteza mpwa wake kwa upande wa uovu, na ambaye usiku mmoja alikuwa amewaza kumuua kijana huyo akiwa usingizini. Mark Hamill, aliyeigiza nafasi hiyo tangu 1977, alisema hadharani kwamba alipingana na mwongozaji kuhusu mhusika huyo, kisha akajuta kuyatoa maneno hayo nje, lakini wakati huo mashabiki walikwisha kuyageuza silaha. Wengine walichukizwa kuambiwa kwamba Rey, shujaa mpya wa kike, ni mtoto wa wazazi wasio na jina wala ukoo, jambo ambalo kwa haki lilikuwa wazo bora kuliko yote katika filamu hiyo. Wahakiki takriban 9 kati ya 10 waliisifu, huku katika tovuti ya Rotten Tomatoes watazamaji walioipenda wakiwa chini ya nusu, na mapato yake ya dola bilioni 1.3 yakabaki nyuma sana ya bilioni 2 na zaidi zilizokusanywa na filamu iliyoitangulia.

Ugomvi huo ulimwangukia hasa Kelly Marie Tran, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam aliyeigiza kama fundi Rose, ambaye alitukanwa kwa rangi na jinsia yake hadi akaondoa picha zake zote katika Instagram Juni 2018, na miezi 2 baadaye akaeleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyofikia kuyaamini matusi hayo. Mwaka huohuo mtafiti Morten Bay alichambua jumbe za Twitter zilizoelekezwa kwa Johnson, akagundua kwamba takriban 1 kati ya kila 5 ilikuwa ya kuikosoa filamu, na kwamba zaidi kidogo ya nusu ya hizo za kukosoa zilitokana na wanaharakati wa kisiasa, wachokozi au akaunti zinazoendeshwa na programu za kompyuta zikijifanya watu. Baadhi ya magazeti yalilitia chumvi jambo hilo kana kwamba kila aliyechukia filamu hiyo alikuwa ametumwa, wakati hesabu hizohizo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya waliokosoa walikuwa watazamaji wa kawaida waliokereka.

Katika kelele hizo, Nyong'o hakuonekana, na kutoonekana huko kulikuwa na maana mbili. Mhusika wake, Maz Kanata, mwanamke mfupi mwenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, alitengenezwa kwa unasaji wa mwendo, mbinu ambayo alama huwekwa usoni na mwilini mwa mwigizaji ili kompyuta ichukue miondoko yake na kuivisha umbo jingine. Mwaka 2015 Nyong'o alieleza kwamba aliipenda mbinu hiyo kwa sababu filamu ya 12 Years a Slave, iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka 2014, ilihusu mno mwili wake, naye alitaka kazi ambayo mwili si hoja. Hiari hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, haiwaondolei waandishi lawama, kwani katika The Last Jedi Maz anatokea mara moja tu, kwa hologramu, yaani taswira inayorushwa hewani kwa nuru, akitoa maelekezo huku akipigana vita ambavyo mtazamaji haelezwi kwa kina. John Boyega, mwigizaji mwenzake Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alilalamika mwaka 2020 kwamba Disney iliwatangaza wahusika wasio weupe kama nguzo za filamu kisha ikawasukuma pembeni, na lalamiko hilo linamgusa Maz bila hata kumtaja. Filamu iliyofuata, The Rise of Skywalker ya mwaka 2019, haikurekebisha chochote: Rose alipunguziwa nafasi, Rey akapewa babu mashuhuri, na Maz akarudi kama kikaragosi cha mitambo.

Nyong'o mwenyewe alianza uigizaji wa kitaalamu jukwaani katikati ya Nairobi, akiwa na umri wa miaka 14, alipoigiza kama Juliet katika tamthilia ya Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players, lililokuwa na ukumbi wake katika jengo la Professional Centre, barabara ya Parliament. Alimaliza masomo ya sekondari katika shule ya St. Mary's, barabara ya Rhapta, Westlands, upande uleule wa magharibi ambako baadhi ya sinema za jiji zimehamia ndani ya maduka makubwa ya Westlands na Ngong Road, baada ya kumbi za zamani kama Odeon na Cameo kuacha kuonyesha filamu. Phoenix Players nao walipoteza ukumbi wao, na jiji linalojisifu kwa Oscar ya mwigizaji wake halikuona aibu. Filamu ya Black Panther ilipokuja Februari 2018, miezi 2 tu baada ya The Last Jedi, ikiwa na Nyong'o mwenye uso wake mwenyewe, onyesho la uzinduzi nchini Kenya halikufanyika Nairobi bali Kisumu, kaunti ambayo baba yake, Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wake.