Kitochi

Mjukuu alifika Buhemba na simu mpya ya kupapasa, na jioni nzima tuliiinamia kama watu wanaoota moto. Picha zikapigwa: za mbuzi, za sufuria, za Bibi akikataa kupigwa picha. Mara umeme ukakatika, na ile simu nayo ikazimika, chaji imeishia kwenye picha. Bibi akafungua fundo la khanga, akatoa simu yake ya vitufe iliyofungwa raba, akabonyeza. Mwanga.

“Haya, mjukuu wangu, kula ugali wako. Kitochi hiki hapa.”

Nokia 1100 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoisambaza sana tochi ya simu, na katika kijiji cha wachimbaji dhahabu kama Buhemba, tochi si pambo. Basi ile ki- imetoka wapi? Tochi ni *hii*, simu ni *hii*, lakini kitochi ni *hiki*. Ni ki- ya udogo, ya kitoto na kijumba, na udogo kwetu hukaa jirani na dharau. Simu mpya zina tochi pia, ila hakuna anayeziita vitochi. Wakenya walikuwa wakarimu zaidi: wao husema *mulika mwizi*, jina lenye kazi ndani yake.

Ile nyingine, ya kupapasa, tumeiita simujanja. Mimi nikisikia “janja” hushika mfuko kwanza.

Bibi alikizima kitochi tulipomaliza kula. Chaji ilikuwa ya tangu Jumapili.